Rola au silinda? Kuiongezea nguvu skuta ndogo kwa vilima vya Arusha

Ukitoka barabara kuu pale Sakina ukaanza kupanda Ilboru kwa skuta ya cc 50, kuna kona ambayo pumzi inakata. Mkono umefungua mafuta hadi mwisho, mshale unashuka kutoka 40 kwenda 30, kisha 25, na nyuma yako kuna gari linalotaka kupita mahali pasipo na nafasi. Mimi napita hapo kila jioni. Nilipoanza kuuliza nibadili nini, karibu kila fundi alinipa moja ya majibu mawili: weka rola nyepesi, vile vipande vidogo vya ndani ya pulei ya mkanda, au weka silinda kubwa.

Nimefanya yote mawili. Rola nilibadilisha kwenye skuta yangu, barazani kwangu, jioni mbili. Silinda tuliifunga na mdogo wangu kwenye skuta yake, pacha wa hii yangu, ikatuchukua Jumamosi nzima na Jumapili kuanzia tulipotoka kanisani mpaka giza linaingia. Zote mbili ni za Kichina zenye injini ya 139QMB, ile ndogo inayopozwa kwa feni na kutembelea matairi ya inchi 10. Kama yako ni ya cc 110 au 125, kanuni ni hizihizi ila vipimo vinatofautiana. Kama ni ya EFI, yaani isiyo na kabureta, maneno yangu kuhusu jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima mafuta, hayakuhusu.

Kwanza tuelewane kwa nini inachoka. Mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 13, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Kwa hiyo cc 50 yako, ambayo kwa hesabu kamili ni 49.6, ikiwa hapa inavuta hewa kama injini ya cc 43 iliyoko pwani. Hiyo 43 ndiyo inayompandisha mtu mzima, mkoba wake, na siku nyingine mtoto wa kupeleka shule. Moshi mjini, kwenye mita 800 hadi 900, upungufu ni asilimia 8 hivi. Wifi yangu anaishi Pasua na ana skuta kama hizi zetu, na mjini hajawahi kuilalamikia. Akialikwa shughuli Kibosho ndipo ananipigia simu.

Shida ya pili ni kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na mafuta. Hewa inapopungua, kabureta iliyopimwa pwani haijui. Inaendelea kumwaga mafuta kama ilivyozoea, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inapakwa masizi, na ile nguvu iliyobaki nayo inapungua.

Haya ni magonjwa mawili tofauti, na wauza spea hawakutofautishii. Silinda kubwa inatibu la kwanza. Jeti inatibu la pili. Rola hazitengenezi nguvu hata kidogo, zinachofanya ni kuiwezesha injini kutumia nguvu yote iliyonayo. Ukishalishika hilo, kuchagua kunakuwa rahisi.

Upande wa rola

Fungua kifuniko cha kushoto, upande wenye kiki. Ndani kuna pulei mbili na mkanda kati yake. Pulei ya mbele ina vijumba sita, kila kimoja kina rola moja, yaani kipande cha chuma kilichovikwa plastiki. Injini ikiongeza mzunguko, rola zinatupwa kuelekea nje, zinausukuma uso wa pulei, na mkanda unabanwa mpaka unapanda. Gia yako ndiyo hiyo. Rola nzito hutoka mapema, skuta inaingia gia kubwa kabla injini haijashika resi. Rola nyepesi huchelewa, kwa hiyo injini inabaki kwenye mizunguko 7,000 hadi 8,000 kwa dakika, ambako hizi cc 50 hutoa karibu nguvu yake yote. Mlimani unataka zichelewe.

Zangu nilizitandaza juu ya gazeti. Zilipaswa kuwa duara safi, lakini tatu kati ya sita zilikuwa na ubapa upande mmoja, kama punje ya hindi. Nikazipima kwa mizani ndogo ya mfukoni, ya aina wanayotumia wauza madini hapa mjini, inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Zimeandikwa 6, lakini moja ilisoma 5.4, nyingine 5.7, nyingine 5.9. Rola yenye ubapa haibingiriki, inaburuzika, na pulei inakwama nusu njia bila kurudi chini unapokutana na mlima. Sehemu kubwa ya uchovu niliokuwa naulaumu Mlima Meru ilikuwa imelala pale kwenye gazeti. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote cha kuongeza nguvu, fungua hapa kwanza. Skuta nyingi zinazoitwa dhaifu ni skuta zilizochakaa tu.

Ukiwa ndani hapo, usome na mkanda. Wa kwangu umeandikwa 669-18-30: urefu milimita 669, upana 18, pembe nyuzi 30. Upana ndio unaoliwa. Mimi ukishapungua milimita moja nautoa, hata kama haujapasuka, maana mkanda mwembamba unakaa chini zaidi kwenye pulei na kukunyang'anya mwendo. Mkanda usiupake grisi wala mafuta ya aina yoyote, na rola zikae kavu. Kabla hujazitoa rola, angalia kila moja imeelekea wapi, kwa sababu pande zake mbili hazifanani.

Nilinunua seti mbili, ya gramu 6 na ya gramu 5. Zote pamoja hazikuzidi gharama ya kujaza tangi mara chache. Nikaanza kwa kuchanganya: 6, 5, 6, 5, 6, 5 kwa kupishana, tatu kwa tatu, ili uzito ulingane pande zote. Wastani wake ni gramu 5.5. Jioni ya kwanza nilipanda Ilboru na mshale haukushuka chini ya 30. Injini ilikuwa na sauti ya juu zaidi, lakini ilikuwa inavuta. Nikashawishika kuweka zote za 5. Mlima ukazidi kuwa mwepesi, ila barabara tambarare ya kwenda Njiro ikageuka kero: spidi 45 tu na injini inapiga kelele kama imefika mwisho, na mafuta yakaanza kuisha siku moja kabla ya kawaida yake. Nikarudi 5.5, na hapo ndipo ilipo mpaka leo. Kurudi huko kulinichukua chini ya saa moja, na hiyo ndiyo faida kubwa ya rola. Ukikosea, unarudi ulikotoka.

Watu watakuuzia pia springi ngumu ya pulei ya nyuma. Inasaidia mkanda kurudi gia ndogo haraka ukiingia kwenye mwinuko, lakini ikizidi ugumu inaukaanga mkanda. Kwa cc 50 isiyobadilishwa silinda, sioni haja yake. Angalia badala yake kama pulei ya mbele ina washa ya kuzuia mwendo, pete nyembamba ambayo viwanda vingine huweka ili skuta isizidi spidi ya kisheria kwenye nchi zao. Kuitoa ni bure, ila itakupa mwendo kwenye tambarare tu, mlimani haikusaidii.

Kosa moja naomba usilifanye. Unapofunga nati ya pulei ya mbele, mkanda ukiwa umekaa juu utabanwa kati ya nyuso mbili, na nati itakudanganya kwamba imekaza. Ukiwasha, mkanda unashuka, nati inalegea, na meno ya shafti yanasagika. Sasa hapo ni kreni mpya, ile shafti kuu ya injini, yaani injini nzima chini. Minya mkanda kwenye pulei ya nyuma kwanza, uzame ndani kabisa, ili huku mbele ulegee, ndipo ukaze. Ukimaliza, zungusha kwa mkono na uhakikishe mkanda unacheza. Na feni iliyo usoni mwa pulei hiyo isishikiliwe kwa bisibisi wakati wa kufungua nati. Fundi mmoja alinifanyia hivyo kabla sijaanza kujitengenezea, mapezi mawili yakakatika, na sikugundua mpaka nilipofungua mwenyewe. Mwombe mchomeleaji akutengenezee kishikio cha chuma bapa. Ni kazi ya dakika kumi.

Upande wa silinda

Hapa lazima niseme ukweli: kwa nguvu tupu, silinda inazishinda rola mbali sana. Piga hesabu. Silinda ya kiwandani ina kipenyo cha milimita 39, na pistoni inatembea milimita 41.5, ndiyo ile 49.6. Ukiweka silinda ya milimita 47 unapata cc 72, ongezeko la asilimia 45. Ya milimita 50 inakupeleka cc 81. Hata ukiikata cc 72 kwa hewa yetu nyepesi, inabaki na pumzi ya cc 62 au 63 ya pwani. Mdogo wangu sasa anapanda kona ileile akiwa na mke wake nyuma, na mshale hautetereki kwenye 40.

Lakini tazama kilichohitajika. Kwanza kichwa cha injini. Hizi 139QMB huja na valvu za urefu wa aina mbili, milimita 64 na milimita 69, na kichwa ulichonacho lazima kilingane na seti unayonunua. Sisi tulipewa isiyo yetu, tukarudi dukani. Pili, gasketi zote mpya, na kukwangua ya zamani bila kuchuna alumini. Tatu, mnyororo wa kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, usidumbukie ndani, na alama za flaiwili (gurudumu zito lililofungwa kwenye kreni) na za kamshafti zikae sawa kabisa, kwa kuwa ukipishanisha meno valvu zinaweza kugonga pistoni. Baada ya hapo tapeti, yaani ule uwazi mdogo wa valvu, zipimwe upya.

Nakumbuka sana ile klipu ya pini ya pistoni. Ni kiwaya kidogo kama kishikizo cha hereni, kinaingia kwenye mfereji wake kwa kusukumwa na koleo. Mdogo wangu alikibana, kikaruka, na sote wawili tukanyamaza tukisikiliza kimeangukia wapi. Kilikuwa kimelala juu ya kipande cha kanga tulichokuwa tumezibia mdomo wa injini. Bila kile kitambaa kingeingia tumboni, na kazi ya siku mbili ingekuwa ya wiki mbili. Ziba mdomo huo kabla hujaigusa klipu.

Kisha kuna gharama zinazokuja polepole. Silinda mpya inataka kuzoeshwa. Kwa kilomita 500 za mwanzo hatukuifungua mafuta hadi mwisho, na kwa mtu anayesafiri kilomita 16 kwa siku, kwenda na kurudi kazini, huo ni mwezi mzima au zaidi wa kujizuia. Oili ya kwanza tuliimwaga mapema, ikatoka imejaa chembe zinazong'aa. Joto limeongezeka na feni ni ileile. Kreni na beringi zake zilitengenezwa kwa cc 50 na sasa zinabeba zaidi. Ndiyo maana milimita 47 naweza kukushauri na 50 sitakushauri: ukuta wa silinda ya 50 umebaki mwembamba mno kwa injini inayopanda mlima mrefu ikiwa imefunguliwa mafuta hadi mwisho.

Halafu kuna kadi. Kadi ya usajili wa pikipiki inaonyesha ukubwa wa injini. Ukitoka 49 kwenda 72, chombo chako si kile kilichoandikwa. Nenda TRA ukaulize utaratibu, na umwambie anayekukatia bima, kabla hujafunga silinda. Mdogo wangu alitaka kuliacha hilo jambo mpaka baadaye. Nilimkatalia, na bado nashikilia hivyo: ajali ikitokea si wakati wa kuanza kueleza.

Jeti, na vile vingine

Jeti inahusu pande zote mbili, na ni kitu kidogo kuliko punje ya maharage. Kama kabureta yako haijawahi kuguswa tangu skuta ipandishwe kutoka pwani, endesha kilomita chache ukipanda, zima injini, ikipoa kidogo toa plagi. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ni njema. Nyeusi yenye masizi makavu maana yake mafuta yamezidi, shuka namba moja ya jeti. Nyeupe maana yake mafuta ni haba na injini inaungua, panda namba. Kwangu kushuka namba moja pamoja na rola kulitosha. Kwenye skuta ya mdogo wangu ilikuwa kinyume: silinda kubwa inataka mafuta zaidi, ikabidi tupande. Tulijaribu jeti tatu mpaka plagi ikatulia.

Tahadhari ni kwa anayesafiri. Jeti iliyopunguzwa kwa ajili ya Arusha ukienda nayo Tanga au Dar inakuwa haba, na injini haba inapata joto kiasi cha pistoni kunata. Mwinuko wa Moshi hautatosha kukuharibia, lakini pwani ndiyo. Jeti ya zamani itunze kwenye kiboksi cha vifaa.

Filta ya wazi, ile ya koni inayofungwa moja kwa moja kwenye kabureta, usiiweke. Vumbi letu la Juni mpaka Oktoba linaingia kila mahali, na boksi la filta la kiwandani ndilo linaloikinga silinda yako. Osha sponji yake mara kwa mara, inatosha. Ekzosi ya kelele kwa cc 50 inakuongezea kelele.

Kushuka

Kila anayepanda Ilboru anashuka Ilboru, na mazungumzo yote ya kuongeza nguvu huwa yanasahau hilo. Skuta ya mkanda haikushiki vizuri kwa injini wakati wa kushuka: mwendo ukipungua klachi inaachia, na kuanzia hapo unaserereka kwa breki peke yake. Breki ya ngoma ikishikwa mfululizo kwa kilomita mbili inapata joto na kulegea. Silinda ya mdogo wangu ilipoanza kazi, tuligundua ndani ya wiki moja kwamba viatu vya breki ya nyuma vilikuwa vimebaki bati. Hatukuvikagua kabla, na tulipaswa. Sasa ningeanza hapo: viatu na pedi mpya, waya wa breki usiokwama, matairi yenye meno. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, iwe hicho, hata kama kona ya Ilboru itaendelea kukuchosha mwezi mwingine.

Nani achague nini

Kama unaendesha peke yako na nyumba yako iko Njiro, Kijenge au Kaloleni, rola mpya za uzito wa kiwandani na mkanda mpya vinatosha. Usipunguze gramu hata moja kabla hujajaribu hivyo.

Kama unapanda kila siku peke yako, Ilboru, Sekei ya juu, Moshono, au Uru na Kibosho kwa upande wa Moshi, punguza nusu gramu kwa rola, rekebisha jeti kwa kusoma plagi, na kaa hapo miezi mitatu. Naamini wengi hawatahitaji kwenda mbele zaidi. Mimi sijahitaji.

Silinda ya milimita 47 naiona halali mahali pamoja: injini yako tayari inakula oili, inatoa moshi wa bluu, kompresheni imekwisha, na fundi amekwambia ringi au silinda lazima zibadilishwe. Hapo kazi ya kufungua utaifanya tu, na tofauti ya bei kati ya silinda ya kawaida na kubwa ni ndogo. Ndivyo ilivyokuwa kwa mdogo wangu. Kufungua injini nzima ambayo haijaugua, ili tu ipande haraka, sikushauri.

Na kama kila siku unabeba mtu mwingine kupanda mlima, au mzigo wa duka, piga hesabu ya silinda, gasketi, mkanda, jeti na breki, kisha uiongeze kwenye bei ambayo skuta yako ingeuzwa ikiwa haijafunguliwa. Mara nyingi utajikuta karibu na cc 125 iliyotumika, yenye breki na kreni zilizotengenezwa kwa uzito huo, na kadi isiyohitaji maelezo.

Wifi alinitumia picha ya rola zake wiki iliyopita. Zimechongeka zote sita. Nimemwambia anunue za gramu 6 zilezile, amwachie mtoto wake wa kidato cha pili ashike tochi, na mkanda auminye nyuma kwanza kabla ya kukaza nati.